Je, Jiwe Linaweza Kulaaniwa?

Hapa Goma, kila habari mbaya ikitoka kwenye machimbo ya Rubaya, watu husema: “Madini yetu yamelaaniwa.” Tulipime neno hilo.

Kuna almasi ya buluu iitwayo Hope. Mfanyabiashara Mfaransa, Tavernier, aliinunua India, na mwaka 1668 akamuuzia mfalme Louis wa 14. Masimulizi yanadai kwamba iling’olewa katika jicho la sanamu, ndiyo maana Tavernier akararuliwa na mbwa. Si kweli: alikufa akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Wengine husema jiwe hilo lilimwangamiza Louis wa 16, aliyekatwa kichwa mwaka 1793. Lakini Wafaransa waliasi kwa ajili ya njaa na kodi. Magazeti yakaeneza habari ya laana, na Pierre Cartier akaisimulia kwa mama mmoja tajiri wa Marekani, ambaye alilinunua mwaka 1911. Laana ikawa tangazo la biashara! Tangu 1958 jiwe liko katika jumba la makumbusho Washington. Watu huingia, hulitazama, hurudi kwao.

Sisi pia tunalo la kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Mbuji-Mayi, msichana mdogo aliokota almasi katika lundo la mawe ambayo mgodi ulikuwa umeyatupa. Ilikuwa ya karati 890, yaani gramu 178. Mjomba wake aliiuza, ikapita mkono kwa mkono mpaka Ulaya. Ikachongwa, na kipande kikubwa, cha karati 407, kikaitwa Incomparable. Mwaka 2013 kilikuwa katika mkufu wa dola milioni 55. Mbuji-Mayi bado ni mji wa maskini.

Jiwe lilikosa nini? Someni Yoshua sura ya 6 na ya 7. Dhahabu ya Yeriko iliyotolewa mbele ya watu iliingia katika hazina ya Bwana. Ile ambayo Akani aliifukia hemani mwake ilileta kushindwa kwa Israeli yote. Dhahabu ilikuwa ya mji uleule. Mikono ndiyo ilikuwa tofauti.

Tukisema madini yamelaaniwa, tunamwachilia mwizi aende zake. Basi, mpendwa, mtu akikuambia hivyo, muulize: yamefichwa katika hema la nani?