Teke au Pigo? Historia Fupi ya Mwendo wa Miguu ya Wazamiaji

Mtafsiri akutanaye na maandishi ya Kiingereza juu ya uzamiaji huona kwamba neno litumiwalo kwa mwendo wa miguu ya mzamiaji ndilo litumiwalo pia kwa punda arushaye miguu. Basi huandika "teke", akaendelea na kazi yake. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa kuifuata historia ya mwendo wenyewe, kwamba istilahi hiyo haifai.

Katika karne ya 18 Benjamin Franklin wa Marekani alijaribu kuogelea akiwa na vibao mikononi na namna ya makubadhi miguuni. Vibao vilimwongezea mwendo, lakini makubadhi hayakumridhisha, kwani aliona kuwa msukumo hautoki katika nyayo peke yake, bali pia katika upande wa ndani wa mguu na kifundo. Mwaka 1933 Louis de Corlieu, afisa wa jeshi la maji la Ufaransa, alipata hataza ya mapezi ya kuvaa miguuni. Owen Churchill alianza kuyauza Marekani mwaka 1940, na mwaka 1943 Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan wakaunda chombo cha kumwezesha mzamiaji kuvuta hewa ya mtungi.

Mwendo uliozoeleka ulikuwa wa kupishanisha miguu, juu na chini, kutoka nyongani. Penye kina na nafasi hauna kasoro kubwa. Lakini katika mapango yaliyojaa maji, kama yale ya Florida, hatari yake ilidhihirika: maji yasukumwayo chini hutimua tope laini lililotulia sakafuni, na mara mtu haoni hata mkono wake. Akiipoteza kamba ya kumrudisha mlangoni, hewa yaweza kumwishia humo humo. Mwaka 1979 Sheck Exley alichapisha kitabu kilichochambua ajali za mapangoni, akasisitiza kamba hiyo.

Kwa hiyo wazamiaji wa mapangoni walishika miendo mingine. Hukunja magoti, huinua mapezi, na kusukuma maji nyuma kama chura, kisha hutulia na kuteleza. Hurudi kinyumenyume kwa mapezi, hugeuka papo hapo walipo, na penye mkondo mkali hujivuta kwa vidole juu ya mwamba.

Je, haya ni mateke? Teke hulenga kuumiza. Mwendo huu hulenga kutogusa kitu. Tunapendekeza "pigo": pigo la kupishana, pigo la chura, pigo la kurudi, pigo la kugeuka. Lugha yetu tayari hupiga mbizi na kupiga makasia. Atakayepinga atasema kwamba pigo nalo ni dhara. Ni kweli, lakini kuna pia mapigo ya ngoma na mapigo ya moyo, nayo huenda kwa kipimo.

Jambo hili si la mapango ya ng'ambo tu. Mafia, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1995, pezi lipigwalo ovyo huvunja tumbawe lililokua kwa miaka mingi. Mwanafunzi aambiwaye "piga teke" atatii neno alilosikia. Hapo ndipo kazi ya istilahi inapoanzia.