Kutoka Bahasha hadi Bando: Ustawi wa Jamii Ulivyoanza Kusomwa kwa Mbali

Mwaka 1897, katika mkutano wa mashirika ya misaada uliofanyika Toronto, Kanada, alisimama mwanamke kutoka Baltimore aitwaye Mary Richmond. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Kwa miaka kadhaa alikuwa ameajiriwa na shirika lililotuma watu kwenda kuwatembelea maskini majumbani, na alikuwa ameona jambo lililomkera. Waliotumwa walikuwa na huruma, ila kazi walijifunza kwa kukosea, na gharama ya makosa yao ililipwa na maskini wenyewe. Richmond akatoa hoja kwamba kuingia nyumbani kwa mtu mwenye shida ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa. Alitaka shule, tena shule iliyo karibu na kazi, ambapo mwanafunzi angesoma na papo hapo akatembelea nyumba za watu chini ya jicho la aliyemtangulia.

Mwaka uliofuata, 1898, jijini New York ikafunguliwa kozi ya wiki sita. Kozi hiyo ikakua, na leo ndiyo shule ya ustawi wa jamii ya Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1899 Amsterdam nayo ikaanzisha shule yake. Tangu hapo taaluma hii imekwenda kwa miguu miwili: darasa na mtaa. Wanafunzi wetu mguu huo wa pili wanauita fildi, na kila aliyesomea ustawi wa jamii ana hadithi yake ya fildi.

Wakati huo huo, elimu nyingine ilikuwa imekwisha kujifunza kusafiri bila mwalimu. Mwaka 1840, Uingereza iliposhusha gharama ya barua hadi peni moja, Isaac Pitman alianza kufundisha hatimkato kwa posta. Mwanafunzi aliandika zoezi, akalituma, likarudi limesahihishwa. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kikawafungulia mitihani yake watu wasiowahi kukaa katika madarasa yake. Hesabu, sheria na historia zote ziliingia kwenye bahasha. Lakini nyumba ya mjane haiingii kwenye bahasha, na ndiyo maana ustawi wa jamii ulichelewa sana kusomwa kwa mbali.

Afrika Kusini inatuonyesha njia hizo mbili ndani ya ndoa moja. Mwaka 1941 ilifunguliwa Johannesburg shule ya Jan Hofmeyr, iliyowafundisha Waafrika kazi ya ustawi wa jamii. Winnie Madikizela alisoma hapo katika miaka ya 1950, kisha akaajiriwa katika hospitali ya Baragwanath, Mwafrika wa kwanza mwenye sifa za kazi hiyo hospitalini humo. Mumewe, Nelson Mandela, alifukuzwa Fort Hare akamalizia shahada yake ya kwanza kwa posta kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA. Shahada ya sheria ilimjia mwaka 1989, naye bado kifungoni. Mke alijifunza kazi yake miongoni mwa watu, mume akaisoma yake kwa barua. Kwa miaka mingi ilionekana kwamba njia hizo hazikutani.

Kwetu Tanzania zilikutana mapema kuliko tunavyokumbuka, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo.

Mwaka 1972 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianzisha masomo kwa njia ya posta. Mwaka 1973 Bunge likatunga sheria ya kuanzisha chuo cha taifa cha mafunzo ya ustawi wa jamii, ambacho leo ndicho Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Dar es Salaam. Mwaka huo huo redio ikatangaza kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee wanaikumbuka. Jioni watu walikusanyika kwenye vikundi kuzunguka redio moja, wakasikiliza kipindi, kiongozi wa kikundi akafungua kijitabu, wakajadili malaria, maji na kuhara. Viongozi wapatao 75,000 walikuwa wamefunzwa kwa kazi hiyo, na washiriki walikadiriwa kufika milioni mbili. Majadiliano yakiisha, watu walishika majembe. Walichimba vyoo, walifyeka nyasi kuzunguka nyumba, walifukia madimbwi.

Kampeni ile haikutoa shahada wala haikuitwa ustawi wa jamii. Lakini itazame ilivyoundwa: somo linatoka mbali kwa sauti moja, kikundi kinaketi pamoja, kiongozi yupo karibu, kazi inafanyika palepale wanapoishi watu. Kwa maoni yangu huo ndio muundo bora wa elimu ya masafa ambao nchi hii imewahi kuwa nao, na kila chuo kinachotaka kufundisha kazi ya jamii kupitia mtandao kingefanya vyema kuurudia.

Chuo kikuu chenyewe cha masafa kilikuja baadaye. Kamati iliyoongozwa na Nicholas Kuhanga ilichunguza uwezekano wake na kutoa taarifa mwaka 1990. Sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ikapitishwa mwaka 1992, na Januari 1994 chuo kikazinduliwa rasmi, Makamu Mkuu wake wa kwanza akiwa Geoffrey Mmari. Hiki hakikuwa chuo cha mabweni. Kilikuwa na vituo mikoani, vitabu vya kiada, kaseti, na vikao vichache vya ana kwa ana. Mwalimu aliyekuwa kazini, au mama mwenye watoto, aliweza kusoma shahada bila kuacha mshahara wala familia.

Halafu ukaja waya. Julai 2009 mkongo wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulianza kazi, ukifika Mombasa na Dar es Salaam. Kabla yake intaneti yetu ilitegemea zaidi setilaiti, ghali na ya kusuasua. Miaka michache baadaye simu ya mkononi ikawa maktaba, na neno bando likaingia katika bajeti ya kila mwanafunzi. Leo Chuo Kikuu Huria kinafundisha shahada ya ustawi wa jamii, na notisi zilizosafirishwa zamani kwa basi kwenda kituo cha mkoa husomwa kwenye kioo cha simu.

Marekani ilikuwa imetangulia. Chuo Kikuu cha Kusini mwa California kilipofungua shahada yake ya uzamili ya ustawi wa jamii kwa mtandao mwaka 2010, wengi walidhani fildi imefikia mwisho. Haikufikia. Baraza linalosimamia elimu ya taaluma hiyo nchini humo lilidai saa 400 za fildi kwa shahada ya kwanza na saa 900 kwa uzamili, uwe umesomea darasani au sebuleni kwako. Hata UVIKO-19 ilipofunga milango mwaka 2020, baraza hilo lilikubali kupunguza kidogo tu: mwanafunzi aliruhusiwa kumaliza akiwa na asilimia 85 ya saa zake. Mihadhara ilihamia mtandaoni ndani ya wiki chache. Saa za fildi zilibaki kuwa deni.

Na deni hilo lina sababu. Tangu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, afisa ustawi wa jamii wa Tanzania ana kazi nzito mahakamani: huchunguza mazingira ya mtoto aliyeshtakiwa na kumwandikia hakimu taarifa. Ili aiandike, ni lazima aende nyumbani. Anapiga hodi, anakaribishwa, anaketi kwenye mkeka au kigoda anachopewa, anasalimu wakubwa, anauliza habari za shamba na za wagonjwa kabla ya kugusa lililomleta. Pengine anayejibu maswali yote ndiye aliyempiga mtoto, na mtoto amesimama mlangoni kimya. Afisa mzuri husikia ukimya ule. Hakuna video inayofundisha hilo. Hufundishwa na msimamizi aliyeketi kwenye mkeka huo huo, ambaye njiani mkirudi atakuuliza: uliona nini?

Wakati UKIMWI ulipoacha yatima wengi kuliko maafisa waliokuwapo, Taasisi ya Ustawi wa Jamii ilishirikiana na shule ya ustawi wa jamii yenye jina la Jane Addams, ya Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago, kuandaa mafunzo ya wasaidizi wa ustawi wa jamii vijijini. Ujuzi wa Chicago ulivuka bahari. Waliotembelea kaya walikuwa wanakijiji wenyewe.

Shahada ya mtandaoni imewafungulia mlango watu ambao chuo cha mabweni kisingewapata: muuguzi wa zahanati ya mbali, askari wa dawati la jinsia, mlezi wa kituo cha watoto. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Ila wapo wanaouziwa ndoto kwamba watamaliza kila kitu kitandani, simu mkononi, na kuna wanaofikia mwaka wa mwisho bila kuwahi kuketi na familia yenye shida mbele ya msimamizi. Hao wameonewa, na watakaoonewa baada yao ni familia watakazozihudumia.

Kwa hiyo, ndugu unayefikiria kujiandikisha, hakikisha kwanza kwamba programu hiyo inatambuliwa na mamlaka ya vyuo vikuu ya nchi yako. Kisha, kabla hujalipa ada, uliza fildi yako itafanyika wapi, kwa saa ngapi, na nani atakuja kukuona ukiwa kazini. Wakishindwa kukujibu, tafuta chuo kingine.