Makocha Watatu wa Softiboli ya UCLA

Timu ya softiboli ya wanawake ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ilianza mwaka 1975 chini ya Sharron Backus. Nusu karne imepita, na makocha wakuu ni watatu tu. Sue Enquist alichezea timu ya Backus. Kelly Inouye-Perez alichezea timu ya Backus na Enquist. Anayetaka kujua kwa nini UCLA ina mataji 12 ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, mengi kuliko chuo kingine chochote, na aanzie hapo: ukocha umerithishwa kazini, kutoka kwa aliyefundisha hadi kwa aliyefundishwa, na Enquist ndiye aliyeunganisha ncha mbili.

Aliingia kikosini miaka mitatu baada ya Title IX, sheria ya 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu ya Marekani. NCAA ilikuwa bado haijaanza kuendesha mashindano ya wanawake, kwa hiyo taji alilotwaa akiwa mchezaji mwaka 1978 lilikuwa la AIAW, chama kilichosimamia michezo ya wanawake vyuoni wakati huo, na halimo katika yale 12. Mwaka 1980 alirudi kumsaidia Backus. Mwaka 1982 walitwaa taji la kwanza kabisa la NCAA kwa kuishinda Fresno State 2–0, na kuanzia 1989 wakawa makocha wakuu wawili wenye cheo sawa. Jambo hilo, kwa maoni yangu, ndilo kubwa kuliko yote katika historia hii. Backus alikuwa tayari ameshinda mataji manne ya NCAA, hakuwa na sababu ya kugawana cheo na mtu, tena mwanafunzi wake mwenyewe. Aligawana. Enquist alipobaki peke yake mwaka 1997 hakuwa na la kujifunza upya, na alipostaafu mwaka 2006 rekodi yake ilisomeka ushindi 887, vipigo 175 na sare moja.

Inouye-Perez alikuwa mdakaji. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji, humwonyesha mrushaji kwa vidole mpira wa kutupa, na ndiye pekee uwanjani anayewatazama wenzake karibu wote usoni. Mrushaji yuko umbali wa mita 13 hivi, kwa hiyo uamuzi lazima uwe umeshafanywa kabla mpira haujatoka mkononi. Inouye-Perez alikuwemo katika vikosi vya mabingwa wa 1989, 1990 na 1992, akawa msaidizi kwa misimu 13, kisha akatwaa mataji ya 2010 na 2019 akiwa kocha mkuu.

Wapo watakaosema siri ni jua la California na wingi wa wasichana wenye vipaji. Hoja hiyo ina uzito, ila jua hilo hilo liliviwakia vyuo vya Fresno State, Cal State Fullerton na Berkeley, na kila kimoja kina taji moja. USC, jirani wa UCLA mjini Los Angeles, haina hata timu ya softiboli. Pingamizi zito zaidi ni taji la 1995, ambalo NCAA ililifuta kwa ukiukaji wa kanuni za ufadhili wa masomo. Aibu hiyo lazima iandikwe, kwani anayerithi sifa hurithi na lawama, na Enquist alikuwa mmoja wa makocha wakuu mwaka ule. Hata hivyo timu ilirudi kileleni mwaka 1999 chini yake. Tena kuna Oklahoma ya Patty Gasso, aliyeletwa kutoka chuo kingine na kutwaa mataji manane, manne yakiwa mfululizo kuanzia 2021 hadi 2024. Basi kurithishana si njia pekee ya kushinda. Lakini kushinda chini ya kocha mmoja ni jambo moja, na kuendelea kushinda baada yake ni jingine. Oklahoma bado haijafika kwenye mtihani huo. Arizona, wapinzani wa miaka mingi wa UCLA, iliufikia mwaka 2021 Mike Candrea alipostaafu baada ya mataji manane. Ilimkabidhi timu Caitlin Lowe, aliyekuwa msaidizi wake, na kabla ya hapo mchezaji wake katika vikosi vya mabingwa vya 2006 na 2007.