Chole Mjini, Chole Shamba: Utalii na Dhana ya Umbali katika Visiwa vya Mafia

Katika maandishi ya utalii endelevu, visiwa kama Mafia husemwa kuwa viko mbali, havijaguswa, vimesahauliwa. Mwanaisimu hana budi kuuliza: mbali na wapi? Umbali si sifa ya ardhi. Ni uhusiano, na kila uhusiano una historia yake.

Tuanze na majina. Kijisiwa cha Chole ndicho wenyeji walichokiita Chole Mjini. Kisiwa kikubwa, kile ambacho ramani hukiita Mafia, kwao kilikuwa Chole Shamba. Kikubwa kilikuwa shamba la kidogo! Kabla ya Chole kushika nafasi hiyo, mji ulikuwa Kua katika kisiwa cha Juani, ulioangamizwa na Wasakalava kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19. Upande wa magharibi ulikuwapo mji wa kale zaidi, Kisimani, ambako zimeokotwa sarafu za shaba zilizopigwa Kilwa. Watu wa miji hiyo hawakujiona wako pembezoni mwa chochote; bahari ndiyo iliyokuwa njia kuu, na kusi na kaskazi ndizo zilizopanga safari.

Umbali uliletwa na utawala. Mwaka 1890 Mafia iliingia mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1913 makao ya serikali yakahamishwa kutoka Chole kwenda Kilindoni. Mwaka 1915 Waingereza wakaiteka. Barabara na reli zikajengwa bara, na kisiwa kikabaki na minazi yake na mbata ambayo bei yake iliamuliwa ng'ambo.

Mwaka 1995 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, yenye kilomita za mraba zipatazo 822, na vijiji ndani yake. Neno hifadhi si geni kwa wenyeji: mtoto wa chuoni huhifadhi Kurani, yaani huitia moyoni. Katika lugha ya sheria, hata hivyo, kitenzi hicho kimekuwa mahali penye mipaka, vibali na askari. Mtu sasa hukamatwa hifadhini. Sisemi kwamba makatazo hayakuwa na sababu. Baruti ilikuwa ikivunja miamba, matumbawe yakichimbwa ili kuchomwa chokaa, na juya likizoa hata samaki wachanga. Lakini mwenye juya hupoteza leo, ilhali faida ya mwamba uliopona huja baadaye, na mara nyingi hupitia kwanza hotelini. Hesabu hiyo ndiyo ambayo maandishi ya utalii hupenda kuiruka.

Mfano wa potwe unafunza zaidi. Papa huyu mkubwa kuliko samaki wote huonekana sana karibu na Kilindoni wakati wa kaskazi, akifuata uduvi, na wageni hulipa ili waogelee karibu naye. Maji hayo yamo nje ya mipaka ya hifadhi. Humo humo wavuvi hutupa nyavu za dagaa, na potwe akinaswa hulazimika kumfungulia njia, pengine kwa kupoteza sehemu ya wavu. Jina potwe ni la wavuvi hao. Katika matangazo ya safari jina limebaki. Ni nadra wao kutajwa, isipokuwa kama mandhari ya picha.