Mfumbano wa Kombo: Istilahi ya Meno Yasiyokutana Ipasavyo

Fungu la maneno "mpangilio mbaya wa meno", ambalo huandikwa mara nyingi pale Kiswahili kinapohitaji kutaja kile ambacho madaktari wa meno hukiita maloklusheni, lina kasoro moja kubwa: linaelekeza macho kwenye safu ilhali jambo lenyewe liko kwenye makutano. Safu ni habari ya jino na jirani yake katika taya moja, yaani kama yamesimama wima, yamepandana, yamesongamana au yameachana. Makutano ni habari ya taya la juu na taya la chini pindi mtu anapofumba kinywa, na hayo ndiyo ambayo wataalamu huyaainisha kwanza. Mtu aweza kuwa na safu mbili zilizonyooka kama uzi, lakini meno ya chini yakawa yameyatangulia ya juu kiasi kwamba hawezi kukata kipande cha nyama kwa meno ya mbele. Mwingine aweza kuwa na meno yaliyopandana huku magego yake yakikutana sawasawa kabisa. Istilahi isiyoweza kuwatenganisha watu hawa wawili bado haijafanya kazi yake.

Neno oklusheni lina asili ya Kilatini, katika kitenzi occludere, ambacho maana yake ni kufunga au kuziba, na silabi ya mwanzo ya maloklusheni huongeza maana ya ubaya. Wapo wanaolitafsiri kwa kutumia kitenzi kung'ata, wakapata "mng'ato", na neno hilo lina sauti nzuri na linaeleweka haraka. Hata hivyo kung'ata kunahitaji kitu cha kung'atwa, kiwe mkate au kidole, ilhali daktari huchunguza jinsi meno yanavyokutana kinywa kikiwa kitupu. Kiswahili kina kitenzi kilicho karibu zaidi na maana ya asili, nacho ni kufumba, kinachotumika kwa macho, kwa kiganja na kwa kinywa chenyewe, kwa hiyo "mfumbano" ni jina linalostahili kupewa hali ya meno ya juu na ya chini yanapogusana. Kuhusu ubaya, neno linalofaa ni "kombo", kwa sababu jambo lililokwenda kombo limeacha njia yake bila kulazimika kuwa ovu wala la kuaibisha, na kwa sababu kombo ni kinyume cha unyoofu, ambao ndio uliobebwa na neno la Kigiriki orthos katika jina la taaluma ya othodontia. Lugha inayosema matege kwa miguu, kengeza kwa macho na kibiongo kwa mgongo, kila moja kwa neno lake, haina sababu ya kuyanyima mataya istilahi yao: mfumbano wa kombo.

Uainishaji unaotumika hadi leo ulitolewa mwaka 1899 na Edward Hartley Angle, daktari wa meno wa Marekani ambaye mwaka uliofuata alianzisha shule ya othodontia mjini St. Louis. Ubora wa hoja yake ulikuwa katika kuchagua jino moja la kupimia, yaani gego la kwanza la kudumu, ambalo huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, nyuma ya magego ya utotoni, na ambalo ni la sita likihesabiwa kuanzia katikati ya uso. Gego hilo la juu lina ncha kadhaa kwenye uso wake wa kutafunia, na mojawapo iko mbele, upande wa shavu. Gego la chini nalo lina mfuo mdogo unaoshuka katika ubavu wake wa nje. Daktari humwambia mgonjwa ameze mate na kuyafumba magego yake kwa utulivu, kisha huvuta shavu kwa kioo kidogo cha kinywani na kutazama kitu kimoja tu: ncha ile imetua wapi ikilinganishwa na mfuo ule. Pakihitajika uchunguzi wa makini zaidi, meno huchukuliwa chapa na kumiminiwa plasta, na nakala hizo mbili, ya juu na ya chini, hushikwa mkononi na kuunganishwa hadi ziumane, zikaweza kutazamwa hata kwa upande wa ndani, mahali ambapo jicho haliwezi kufika katika kinywa cha mtu aliye hai.

Ncha ikitua ndani ya mfuo, magego yana uhusiano wa kundi la kwanza, na kombo, kama ipo, imo katika meno mengine, kama vile msongamano wa meno ya mbele. Ncha ikitangulia mbele ya mfuo, maana yake ni kwamba gego la chini limebaki nyuma, nalo ni kundi la pili, lenye mafungu mawili: katika fungu la kwanza meno ya mbele ya juu yametokeza nje, na katika fungu la pili yale ya katikati yameinamia ndani na mara nyingi kuyafunika ya chini kwa kina. Ncha ikiangukia nyuma ya mfuo, gego la chini limetangulia, na hilo ndilo kundi la tatu. Hapa uteuzi wa maneno una uzito ambao mfasiri hapaswi kuupuuza, kwa kuwa wengi hushawishika kusema "daraja la kwanza, la pili na la tatu", na msomaji wa Tanzania, aliyezoea matokeo ya mitihani ya kidato cha nne kutangazwa kwa madaraja, ataelewa bila shaka kwamba wa tatu amefanya vibaya kuliko wa pili. Angle hakupanga ukali wa tatizo, alipanga mwelekeo wake. "Kundi" halipandishi wala kushusha hadhi, na "fungu" ndani yake linaepusha mkanganyiko wa daraja ndani ya daraja.

Uhusiano wa magego, hata hivyo, unaeleza mwelekeo mmoja tu, wa mbele na nyuma, na hiyo ndiyo lawama ya msingi ambayo mfumo wa Angle umebeba kwa zaidi ya karne moja. Umbali wa mlalo ambao meno ya mbele ya juu yameyapita ya chini, ambao kwa kawaida ni milimita 2 hadi 3, waweza kuitwa "mtokezo", na kiasi ambacho ya juu huyafunika ya chini kwa wima, takriban theluthi moja ya urefu wa yale ya chini, kinastahili jina la "mfuniko". Meno ya mbele yakikosa kukutana hata magego yanapogusana, kama inavyotokea kwa baadhi ya watoto waliodumu kunyonya kidole, huo ni mfumbano wazi; na meno ya juu yakitua upande wa ndani wa yale ya chini badala ya nje, huo ni mfumbano mkingamo, kutokana na kitenzi kukingama.

Upungufu huo uliwafanya wataalamu waliofuata waongeze vipimo badala ya kuutupa mfumo. Lawrence Andrews, katika makala yake ya mwaka 1972, alichunguza nakala 120 za meno ya watu ambao hawakuwahi kutibiwa na ambao mfumbano wao ulikuwa mzuri, akaeleza sifa sita zilizojirudia kwao. Nchini Uingereza mwaka 1983 uliwekwa uainishaji unaotegemea meno ya mbele, na mwaka 1989 P. H. Brook na W. C. Shaw wakachapisha kipimo cha uhitaji wa matibabu chenye ngazi 5, ambamo mtokezo unaozidi milimita 9 huwekwa katika ngazi ya juu kabisa. Kipimo hicho cha mwisho kinathibitisha kwamba aina ya kombo na uzito wake ni maswali mawili tofauti, na kwamba neno "daraja" lingefaa zaidi huku kuliko kule.

Lipo pia suala la kinywa ambacho kimebadilika. Mtoto wa miaka 7 aweza kuonyesha magego yanayokutana ncha kwa ncha, na hiyo si kombo ya kudumu, kwa kuwa magego ya pili ya utotoni ni mapana kuliko meno yatakayochukua nafasi zao, na yanapong'oka gego la chini hupata nafasi ya kusogea mbele. Kinyume chake, gego la utotoni lililooza na kung'olewa mapema huliacha la kudumu lielemee kwenye pengo, na daktari hulazimika kwanza kulirudisha kwa fikra mahali pake kabla ya kulisoma. Katika baadhi ya sehemu za Tanzania na Uganda, watoto wachanga wenye homa na kuhara wamekuwa wakichokolewa ufizi kwa imani kwamba wana "meno ya plastiki", kumbe uvimbe ule ni jino la chonge ambalo halijaota. Jeraha hilo laweza kuharibu hata chonge la kudumu lililo chini yake, na pamoja nalo ikapotea alama ambayo daktari huitumia kuhakiki kile ambacho magego yamesema. Huo ni unyama unaofanywa kwa nia njema, na mtoto huulipia maisha yake yote.

Mwanya, kwa upande wake, ni neno ambalo Kiswahili kililikamilisha zamani: nafasi kati ya meno mawili ya mbele, tofauti kabisa na pengo, ambalo ni mahali pa jino lisilokuwepo, na iliyosifiwa kwa muda mrefu kama pambo la tabasamu. Jalada la mgonjwa mwenye mwanya laweza kuandikwa magego kundi la kwanza, mtokezo milimita 2, mfuniko theluthi moja, mwanya juu, na mgonjwa akaruhusiwa kurudi nyumbani na mwanya wake.