C imejaa, D ina nafasi: historia ya ukuta usioonekana

Leo tuongelee kitu ambacho kila mwenye kompyuta ya nyumbani amekutana nacho: kwa nini hadi diski moja inajitokeza kama diski mbili, C na D, na kwa nini kila siku inayojaa ni C?

Tuanze na herufi. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilitumia flopi, nazo ziliitwa A na B. Mwaka 1983 ikaja IBM XT yenye hadi diski ya megabaiti 10, ikachukua herufi iliyofuata. Mwaka huohuo DOS 2.0 ikaleta programu ya FDISK, ya kuikata diski vipande visivyozidi vinne. Mipaka ya vipande hivyo, yaani partisheni, inaandikwa kwenye jedwali la baiti 64 mwanzoni mwa diski. Baiti 64 tu! Meseji moja ya simu inabeba zaidi ya hapo.

Sisi hayo yalitupita mbali. Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na mlango haukufunguka mpaka miaka ya 1990. Wengi tukaanzia kwenye mtumba, na mafundi wetu wakawa na desturi yao: C ndogo ya Windows, D kubwa ya mali ya mwenyewe. Sababu ni virusi. Flashi moja imetoka stesheneri, Windows chali. Fundi anafuta C, anapiga Windows upya, D haiguswi. Kwa maoni yangu desturi ile imeokoa picha za harusi nyingi kuliko antivairasi zote tulizowahi kukopeshana.

Ila Windows hunenepa, na ukuta hausogei wenyewe. Kwa FDISK, kubadili ukubwa kulimaanisha kufuta na kuanza upya. Ndiyo maana PartitionMagic ya kampuni ya PowerQuest ilipokuja miaka ya 1990, ikiahidi kusogeza ukuta bila kupoteza kitu, mafundi waliiona kama uganga. Symantec waliinunua kampuni hiyo mwaka 2003. Watu wa Linux wakapata GParted mwaka 2004, bure kabisa, na Windows Vista ya 2007 ikaja na uwezo wake wenyewe wa kupunguza na kuongeza partisheni.

Mbona basi watu bado wanalia? Hapa Ifakara nalieleza hivi. Chukua majaruba mawili ya mpunga yaliyopakana, C kushoto, D kulia. Mpunga wa D umeanzia pale pale kwenye kingo, nafasi yake tupu iko mwisho wa shamba. Ukiipunguza D kwa Windows, unapata uwazi kule mwisho, wakati C inaweza kupanuka tu kwenye uwazi unaoigusa. Ili kusogeza kingo ni lazima ung'oe mpunga wote wa D uupande mbele. GParted hufanya kazi hiyo, lakini kwa masaa, na umeme ukikatika katikati, nusu ya mpunga iko huku na nusu kule.

Na umeme wetu mnaujua. Kidatu inazalisha tangu 1975, Kihansi tangu 2000, yote ni maji ya upande wetu huu, lakini mgao wa mwaka 2006 haukutuuliza tunaishi wapi.

Mzee mmoja jirani yangu hapa Lipangalala ana kompyuta ya Windows 7. Diski gigabaiti 320, ambazo Windows inazihesabu 298: C ina 40, D ina 258. C ikawa nyekundu, mashine inatambaa. Kwenye D kuna hesabu za kikundi chao cha kuweka na kukopa, na picha za marehemu mkewe ambazo hazipo kwingine kokote.

"Mwanangu, si usogeze tu huo ukuta?"

"Shikamoo mzee. Tuazime kwanza diski ya nje."

Tukaazima kwa mwalimu fulani. Njia ya kizee, lakini ndiyo ninayoiamini: nakili D yote nje, fungua picha kadhaa uone kama zinafunguka, futa D, panua C, tengeneza D mpya, rudisha vitu. Saa kumi jioni, kunakili kukiwa katikati, umeme ukakatika. Mzee akanyamaza. Nikamweleza kwamba bado hatujafuta chochote, D iko palepale kama ilivyokuwa asubuhi. Hakuniamini mpaka saa mbili usiku uliporudi, akaifungua mwenyewe folda ya picha, akazipitia moja moja bila haraka. Nami sikumharakisha.

Tulimaliza kesho yake. C sasa ina 100. Juzi kanipigia simu kuuliza kama anaweza kuweka tamthilia humo. Nimemwambia aweke D.