Tinga Tinga Tales na Urithi Wake: Mtazamo kutoka Golbanti

Makala haya yanachunguza urithi wa Tinga Tinga Tales, mfululizo wa katuni za televisheni uliotengenezwa Nairobi katika studio za Homeboyz kwa ushirikiano na kampuni ya Kiingereza ya Tiger Aspect, na kuanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010. Vipindi vyake ni 52, kila kimoja kikiwa cha dakika 11 hivi. Hoja yetu ni kwamba, licha ya sifa zake, mfululizo huo ulirithi nusu tu ya fasihi simulizi yetu, na nusu iliyoachwa huonekana vyema zaidi kwa mtazamaji aliyeko Golbanti, karibu na Garsen, kuliko kwa aliyeko Nairobi au London.

Nusu iliyorithiwa ni hurafa, hasa zile za usuli: kwa nini tembo ana mkonga na mengine ya namna hiyo. Picha zake zilifuata mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Dar es Salaam aliyefariki mwaka 1972. Lugha yake ya asili ilikuwa Kiingereza, wala mtoto aliye mbele ya kioo hajibu "pakawa". Lakini tusimlaumu mtayarishaji kupita kiasi. Steere naye, alipochapisha hadithi za Waswahili mwaka 1870, aliitoa hadhira nje ya ukurasa, nasi tunamsomesha bila manung'uniko.

Nusu iliyoachwa ni mighani, na mighani ya delta ya Tana ni ya Fumo Liongo. Visa vyake ni vya kishujaa kwa ukamilifu: gereza, tupa iliyofichwa ndani ya mkate, kijakazi Saada anayepeleka ujumbe, ngoma ya gungu inayozuia walinzi wasisikie pingu zikikatwa. Mtayarishaji wa katuni angetaka nini zaidi? Tofauti kubwa iko mwishoni. Katika hurafa mnyama hupata mkonga au mabaka, kisha kesho yake anarudi mzima. Liongo hufa. Anachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, kisha anapiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wanaogopa kumkaribia wasijue kwamba amekwisha kufa.

Hapo ndipo Golbanti inapohusika. Katika miaka ya 1880 Wamethodisti walijenga misheni hapo kwa ajili ya watu waliowaita Wagala, jina ambalo Waorma wa leo hawalipendi. Mwaka 1886 mmisionari John Houghton na mkewe waliuawa hapo katika uvamizi wa Wamaasai. Kwa mujibu wa masimulizi aliyoyapokea Steere, na utendi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, Wagala hao hao ndio waliotamani mbegu ya shujaa. Wakamwoza mwanamke wao, akazaa mtoto ambaye baadaye alimuua baba yake. Kwa hiyo muuaji wa Liongo ni mtoto wa nyumba mbili. Wahakiki wengi hulipita jambo hili haraka wakikimbilia kisima na upinde. Kwa maoni yangu ni kosa, kwa kuwa usaliti wa hadithi hii haueleweki bila undugu uliotangulia.

Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 Wapokomo na Waorma waliuana katika delta hiyo, na watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Katika mazingira hayo mtayarishaji anayechora wanyama amejiepusha na swali la nani atakuwa shujaa na nani adui. Kobe hana kabila. Uamuzi huo nauelewa, lakini una gharama: mtoto wa Golbanti huona sababu ya mabaka ya chui, asione watu wa mto wake wakioana na kukosana.

Ubongo Kids, iliyoanza Tanzania mwaka 2014, ilionyesha kuwa watoto wa kibinadamu wanaweza kuongea Kiswahili katika katuni na wakapendwa. Hata hivyo mada zake ni hisabati na sayansi. Atakayechora Liongo atakutana na tatizo gumu zaidi, nalo litaanza mapema, pale mama anapomlea mwanawe. Utendi ulimsemesha kijana huyo Kiswahili cha kaskazini. Katika katuni, mama yake atamwimbia kwa lugha ipi?